Miwani na vikasha vya kadi vya zamani: kutambua dalili kabla ya kusafisha

Katika nyumba nyingi za Tabora na Kigoma zilizowahi kukaliwa na makarani wa reli, walimu, wafanyabiashara au watumishi wa misheni, hupatikana sanduku la bati lenye vitu vidogo vya mtu aliyekwisha kufariki: miwani ya fremu nyembamba, kikasha bapa cha fedha, kijaluba cha ugoro, kalamu ya wino, kitana. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo mizigo midogo ya namna hiyo ikapata njia rahisi ya kufika bara. Warithi wanapolifungua sanduku hukuta kitu kimekuwa cheusi, kingine kina ukoko wa kijani, kingine kinanata, na jambo la kwanza linalowajia ni ndimu, majivu au stili waya. Mwongozo huu unaanzia kwingine, yaani kwenye dalili na chanzo chake, kwa kuwa kitu kinachoonekana kuharibika mara nyingi sicho kilichoanzisha uharibifu. Aliyeuanzisha ni jirani yake ndani ya sanduku hilohilo.

Kikasha cha kadi huenda kikahitaji maelezo. Katika karne ya 19 mtu wa Ulaya aliyekwenda kumtembelea mwenzake aliacha kadi yenye jina lake mlangoni, na kadi hizo alizibeba ndani ya kikasha chembamba chenye ukubwa wa takriban sentimeta 10 kwa 7. Wapo wanaokidhania kuwa kijaluba cha ugoro. Tofauti ni kwamba kijaluba huwa na kina na kifuniko chake hubana sawasawa ili ugoro usikauke, ilhali kikasha cha kadi ni bapa na kifuniko chake hutosha tu kuzuia kadi zisidondoke.

Kabla ya yote: fungua, nusa, tenganisha

Lifungue sanduku mahali penye hewa, mbali na jiko, mshumaa na kibatari. Tahadhari hii ina sababu: fremu nyingi za miwani, vitana na vikasha vilivyotengenezwa kuanzia miaka ya 1870 hadi katikati ya karne ya 20 ni vya seluloidi, plastiki ambayo huwaka kwa kasi ya kutisha, na ambayo kadiri inavyozeeka ndivyo inavyozidi kuwa ya hatari.

Kisha nusa kabla hujagusa. Harufu ya siki ni dalili ya asetati ya selulosi, plastiki iliyokuja kuchukua nafasi ya seluloidi katika fremu za miwani. Harufu ya kafuri, ile ambayo wengi huijua kama karafuu maiti, ni ya seluloidi, kwa sababu kafuri ndiyo iliyotumika kuilainisha kiwandani. Harufu kali inayochoma pua ni ya seluloidi ambayo tayari imeanza kuoza. Ukisikia kitu kama kiberiti, tafuta eboniti, yaani mpira uliofanywa mgumu kwa salfa, ambao ulitumika kutengenezea kalamu, vibonyeo na vishikizi vya miwani ya kubana pua.

Harufu isipojitokeza, sugua sehemu ya ndani ya kitu kwa kidole gumba mpaka ipate joto, halafu nusa papo hapo. Pembe ya ng'ombe na gamba la ng'amba, yaani kasa wa baharini, hutoa kwa mbali harufu ya nywele zilizoungua, na bakelaiti, plastiki ngumu ya zamani, hutoa harufu ya dawa ya kaboliki. Lipo jaribio jingine la kuchoma kitu kwa sindano ya moto, ambalo bado linapendekezwa na watu wasiofikiria matokeo yake. Usilifanye. Likiangukia kwenye seluloidi litakuachia moto mkononi, na likiangukia kwenye kitu chenye thamani litakuachia tundu.

Baada ya kutambua, tenganisha. Kila kitu kiwekwe kwenye bahasha yake ya karatasi au kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara nyingi. Raba za kufungia karatasi, sponji, vitambaa vya sufu na mifuko ya plastiki laini viondolewe kabisa, maana vingi kati ya hivyo hutoa salfa, mafuta au asidi kidogo kidogo kwa miaka mingi. Samaki mmoja akioza huoza wote, na katika sanduku la bati lililofungwa msemo huo ni kemia halisi.

Fremu inatoka jasho, imejikunja au imejaa nyufa nyembamba

Dalili hizi ni za plastiki, lakini zina historia mbili tofauti. Seluloidi huanza kwa kugeuka manjano, kisha hutokea nyufa ndogo zilizopangana kama wavu ndani ya plastiki yenyewe, kisha matone ya kahawia juu, na hatimaye fremu humeguka vipande vyenye pembe kali. Chanzo ni kwamba selulosi, yaani nyuzi za mimea zilizo kiini cha seluloidi, iliungwa na asidi ya nitriki wakati wa kutengenezwa, na inapozeeka huanza kuachia gesi za naitrojeni, ambazo zikikutana na unyevu hurudi kuwa asidi. Asidi hiyo huharakisha uozo uleule ulioizaa. Ndiyo maana kasha lisilopitisha hewa, ambalo mwenye nalo aliliona kuwa ulinzi bora, huwa mahali pabaya kuliko pote kwa seluloidi.

Asetati hufuata njia nyingine. Huachia asidi ya siki, husinyaa na kupinda, na kilainishi chake hutoka nje kama matone ya mafuta au unga mweupe. Dalili inayowapoteza watu wengi ni lenzi iliyoruka yenyewe au iliyomeguka ukingoni. Watu huilaumu lenzi, kumbe fremu ndiyo iliyosinyaa ikaibana. Ukipima upana wa tundu la fremu na upana wa lenzi ukakuta lenzi imezidi, jibu umeshalipata, na kuirudisha lenzi kwa nguvu kutaivunja fremu.

Hakuna dawa ya kurudisha plastiki iliyooza katika hali yake ya awali. Linalowezekana ni kupunguza mwendo wa uharibifu kwa kuiweka mahali pakavu, penye ubaridi na hewa. Kwa Tabora, ambako joto la Oktoba chini ya paa la bati ni kali, droo ya chini kabisa katika chumba kisichopigwa na jua la mchana ni bora kuliko rafu ya juu au dari. Matone yapanguswe kwa pamba kavu huku umevaa glavu. Spiriti usiiguse hapa, kwa sababu huilainisha seluloidi na kuidhuru asetati, na vidonge vya naftalini navyo havifai, kwa kuwa mvuke wake huweza kulainisha plastiki. Fremu iliyofikia matone ya kahawia ipigwe picha, ipimwe, lenzi na vyuma vitolewe, kisha iondolewe nyumbani bila kutupwa kwenye moto wa takataka.

Ukoko wa kijani kwenye bawaba na vishikizi vya pua

Hii ndiyo dalili inayoonekana mara nyingi zaidi, nayo ina vyanzo vitatu ambavyo havitibiwi kwa namna moja.

Cha kwanza ni jasho. Fremu nyingi za chuma zenye rangi ya fedha hazina fedha yoyote ndani yake. Ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Mafuta ya ngozi yanapokaa juu ya shaba hiyo kwa muda mrefu huungana nayo kuwa kitu laini cha kijani, kinachofanana na nta, hasa pale pua na masikio yanapogusa. Cha pili ni mkoba wa ngozi, ambao mafuta yake ya kulainishia hufanya kazi ileile ya jasho, na hapa kijani huonekana mahali ambapo mwili haukuwahi kugusa. Cha tatu ni mvuke wa seluloidi. Ikiwa kijani ni kigumu, cha ungaunga, kimeenea upande mmoja wa kitu kana kwamba kimepuliziwa, basi angalia kilikuwa kimelazwa kando ya nini. Nyakati nyingi utakuta kitana au mkono wa miwani wa rangi ya kobe.

Kijani laini hutolewa kwa kijiti cha kuchokolea meno kilicholoweshwa kidogo na kupitishwa polepole kwenye kona za bawaba, ukikifuta kijiti kwa pamba baada ya kila mpito ili usisambaze uchafu. Ikiwa fremu ni ya chuma kitupu, isiyo na plastiki, gamba wala rangi, pamba yenye spiriti kidogo itamalizia mafuta yaliyobaki. Ndimu na ukwaju, ambavyo husafisha vizuri sinia la shaba, havifai hapa. Asidi yake hupenya kwenye vitundu visivyoonekana vya tabaka la dhahabu linalofunika baadhi ya fremu, hula shaba iliyo chini, na dhahabu hubaki kama ganda lisilo na kitu cha kushikia.

Kuhusu dhahabu hiyo, angalia kwa kioo cha kukuzia upande wa ndani wa mkono wa miwani au daraja la pua. Alama kama 1/10 12K, ambayo hupatikana sana kwenye miwani ya Marekani, ina maana kwamba tabaka la dhahabu ni sehemu 1 ya 10 ya uzito wa chuma, na dhahabu yenyewe ni ya karati 12, yaani nusu tu. Kwa hiyo dhahabu safi ni sehemu 1 ya 20 ya uzito huo. Sonara anayejua kazi yake atakueleza hivyo bila kuulizwa mara mbili. Anayeahidi zaidi ya hapo ana haja nyingine.

Kikasha kimekuwa cheusi

Weusi wa fedha hutokana na salfa, si na unyevu peke yake. Huanza manjano, huenda kahawia, hupita kwenye rangi kati ya zambarau na buluu, kisha hutulia kuwa nyeusi, na mfuatano huo husaidia kutafuta chanzo. Kikasha cheusi pande zote sawasawa kimekaa kwenye hewa ya kawaida kwa muda mrefu, pengine karibu na moshi wa jiko. Kikasha chenye mstari mmoja mweusi kilifungwa kwa raba. Chenye weusi mkubwa upande mmoja kililala kwenye sufu au kando ya kalamu ya eboniti.

Kabla ya kusugua, soma alama. Fedha ya Uingereza ya kiwango cha 925 huwa na simba anayetembea, na nanga iliyo kando yake ni alama ya mji wa Birmingham, wala haihusiani na meli ya Ziwa Tanganyika kama wengine wanavyohadithia. Birmingham ndiko vilikotengenezwa vikasha vya kadi vinavyotafutwa sana, vikiwemo vya Nathaniel Mills vyenye picha za makasri na makanisa zilizoinuliwa juu ya kifuniko. Fedha ya Ujerumani kuanzia mwaka 1888 hubeba mwezi mwandamo na taji pamoja na namba kama 800. Herufi EPNS zinaeleza kwamba fedha ni ngozi tu iliyopakwa kwa umeme juu ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, kazi iliyoenea baada ya hataza ya Elkington ya mwaka 1840. Mahali ambapo kikasha cha EPNS kinaonekana cha njano kwenye kona si uchafu: fedha imeisha, na kila msuguo utaongeza eneo hilo.

Kusugua huondoa fedha pamoja na weusi. Majivu, mchanga na dawa ya meno hukwaruza, na kwenye kifuniko chenye kasri lililoinuliwa minara ndiyo hutangulia kufutika. Kwa weusi mwepesi, maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni, pamba, na kukausha haraka vinatosha. Mabonde ya nakshi yaachwe na giza lake, kwani ndilo linaloifanya picha ionekane. Njia ya karatasi ya alumini na soda huvutia kwa sababu weusi hupotea mbele ya macho, lakini mimi siipendekezi kwa kikasha chochote chenye bawaba, kitambaa ndani, gundi au nakshi nyeusi ya makusudi. Maji huingia mahali yasipotoka, na nakshi nyeusi ikishaondoka hairudi.

Kifuniko hakifungi, au vipande vya lulumizi vinadondoka

Hapa msimu ndio shahidi mkuu. Vikasha vingi vya lulumizi, yaani ganda la chaza linalong'aa, na vya gamba na pembe vina kiini cha mbao nyembamba, na mbao hunywa maji hewani na kuyaachia. Tabora hukauka sana kuanzia Mei hadi Oktoba. Mbao husinyaa, lulumizi haisinyai, gundi ya zamani hukatika, na kipande hudondoka mtu anapokishika tu kikasha. Mvua zinapoanza Novemba kiini huvimba, na kifuniko kilichokuwa kikiteleza vizuri hukwama. Kigoma, kando ya ziwa, unyevu ni mwingi zaidi na taabu huonekana kama kuvu kwenye kitambaa cha ndani na kutu kwenye bawaba za chuma.

Kwa hiyo kifuniko kilichokwama Januari kisilazimishwe. Kiweke kikasha kwenye sanduku la karatasi ndani ya chumba chenye hewa na ukijaribu tena kiangazi. Kikilegea, chanzo kilikuwa unyevu. Kikibaki kimekwama mahali palepale katika misimu yote miwili, chanzo ni umbo: kikasha kilikaliwa, au kilijazwa vitu vinene kuliko kadi mpaka mbavu zake zikatanuka. Kikasha cha fedha kilichobonyea ni kazi ya sonara mwenye kigogo cha mbao cha kugongea kwa ndani. Usijaribu kukinyoosha kwa kijiko.

Vipande vilivyodondoka vihifadhiwe vyote kwenye bahasha yenye maelezo ya upande vilikotoka. Gundi kali ya madukani inayokauka kwa sekunde huacha ukungu mweupe juu ya lulumizi, na ikishashika haiachii bila madhara. Gundi ya asili ya wanyama au samaki hulegezwa kwa maji vuguvugu fundi anapohitaji kurekebisha, na sifa hiyo ya kutenguka ndiyo inayoifanya ifae.

Mkono wa miwani haukunjiki

Mara nyingi skurubu imeshikwa na kutu. Tone moja la mafuta ya cherehani liwekwe kwa ncha ya sindano juu ya kichwa cha skurubu, jingine chini, kisha iachwe usiku kucha. Bisibisi iwe na upana ule wa mfereji wa skurubu, maana nyembamba itautafuna, na bawaba iegemee ubao ili nguvu isiende kwenye fremu. Fundi saa ana vifaa hivi na mkono uliozoea. Ikiwa fremu ni ya plastiki, futa mafuta yote yaliyomwagika.

Lenzi ina ukungu, rangi za upinde wa mvua au mstari

Ukungu unaofutika na kurudi baada ya wiki chache hautoki kwenye lenzi. Ni mvuke wa fremu au wa mfuko wa plastiki, na ukitenganisha lenzi na fremu utaona unakoma. Mikwaruzo ya kioo haina tiba ya nyumbani, na vumbi la Tabora lina mchanga wa kutosha kuongeza mingine, hivyo pulizia kwanza ndipo ufute.

Dalili yenye kuvutia zaidi ni rangi za upinde wa mvua, au umbo la majani ya jimbi, katika sehemu ya chini ya lenzi. Hiyo ni miwani ya kuonea mbali na karibu ambayo kipande kidogo cha kusomea kilibandikwa juu ya lenzi kubwa kwa utomvu wa mti wa Kanada, ulioteuliwa kwa sababu hupindisha mwanga karibu sawa na kioo. Utomvu huo hugeuka manjano na kuachia. Usiloweke miwani ya namna hii, na usiikaushe juani, kwani joto huulainisha utomvu na kipande huteleza. Kuanzia mwaka 1908 walianza kuuza lenzi ambazo vioo viwili viliyeyushwa pamoja, na hizo hazina ugonjwa huo.

Anayetaka kujua mwenye miwani alikuwa na tatizo gani aishike miwani mbele yake kwa mkono ulionyooshwa, aangalie mstari wa dirisha kupitia lenzi, kisha aisogeze lenzi taratibu kulia na kushoto. Mstari ukielekea upande ule unaosogezwa lenzi, alikuwa haoni mbali. Ukielekea upande wa pili, lenzi ni ya kukuza, na pengine ilikuwa ya kusomea. Ukiizungusha lenzi na mstari ukalala upande, ilirekebisha pia jicho lisilo na mduara sawa. Kuivaa miwani hiyo leo ni jambo lingine: ilipimwa kwa macho ya mtu mwingine, na kioo chake, kikivunjika, hutoa vipande vikali.

Vitundu, unga mwekundu na pembe

Vitundu vidogo na vumbi kwenye pembe, gamba au kitambaa cha ndani ni kazi ya wadudu wanaokula vitu vya asili ya nywele na kwato. Kitu kisicho na lulumizi wala gundi iliyolegea kinaweza kufungwa kwenye mfuko, kikawekwa kwenye friza kwa wiki mbili, kisha kikaachwa kifikie joto la chumba kabla ya kufunguliwa. Mkoba wa ngozi unaoacha unga mwekundu vidoleni umeliwa na asidi. Usiupake samli wala mafuta ya nazi, utaugeuza mweusi na kunata. Ufunge kwa kitambaa na miwani ikae nje yake.

Mwisho ni kitu cheupe au cha manjano hafifu ambacho familia inakiita pembe. Tazama ukingo uliokatwa kwa kioo cha kukuzia. Mistari inayokatana kama kimia ni ya pembe za ndovu, vidoa vidogo vyeusi ni vya mfupa, na mistari iliyonyooka sambamba kwa usawa usio wa kawaida ni ya seluloidi ya kuigiza. Tabora na Ujiji vilikuwa vituo vikubwa vya biashara ya pembe za ndovu katika karne ya 19, hivyo kuzikuta si ajabu. Lakini chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hizo ni nyara, na kuwa nazo bila kibali ni kosa hata kama zimerithiwa. Gamba la ng'amba nalo limo katika Kiambatisho cha I cha mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka, kwa hiyo haliuzwi nje ya nchi. Usikiuze, usikisafirishe kwa treni kwenda Dar es Salaam, wala usimpe fundi kabla ya kwenda ofisi ya wanyamapori ya wilaya ukiwa na picha zake, vipimo vyake na maelezo ya mtu aliyekuwa nacho. Ukifika huko, uliza kwanza utaratibu wa kukisajili.